Injini ya Lazaro Haikuwa na Kosa

Siku yangu ya kwanza gereji pale Iringa sikuruhusiwa kushika spana. Fundi Mkuu, Mzee Sefu, alinipa filta ya hewa ya pikipiki iliyotoka Chunya, akatandika gazeti sakafuni na kuniambia niigonge. Vumbi jekundu lilimwagika mpaka maandishi ya gazeti hayakusomeka.

"Umeona, Tumaini?" akasema. "Hicho ndicho kinachoua injini. Si mlima, si mwendo. Vumbi likipenya hapo linaingia kwenye silinda na kusaga kama msasa."

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, mwanamke pekee katika gereji ile. Kampuni yetu ilipeleka wageni safari kwa pikipiki kubwa za silinda mbili, zenye masanduku ya bati ubavuni. Walitoka Iringa, wakashika barabara kuu mpaka Mbeya, wakapanda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, kisha wakarudi. Mbele alikwenda kiongozi wa msafara, nyuma gari la vipuri na fundi mmoja.

Vijana huniuliza mpaka leo, injini kama zile hudumu muda gani? Wanataka niwatajie namba. Nimeona moja ikifa ikiwa bado mpya, na nimeona nyingine ikivuka kilomita laki moja bila silinda zake kufunguliwa. Zote zilitoka kiwanda kimoja. Tofauti ilikuwa matunzo. Oili imwagwe ikiwa ya moto, ili itoke na uchafu wake. Nafasi ya valvu, ule mwanya mdogo unaopimwa kwa kibati chembamba kama wembe, ikaguliwe hata kama injini hailalamiki. Maji ya rejeta yasisahauliwe. Na asubuhi za Mafinga, baridi inapofanya oili kuwa nzito kama asali, injini iachwe ipate joto kwanza ndipo ikimbizwe.

Juu ya hayo yote Mzee Sefu alikuwa na amri yake. Pikipiki ikirudi kutoka Chunya haitoki tena mpaka imelala gereji, imefunguliwa, imeoshwa na kukaguliwa. Meneja wa Safari, aliyepanga misafara yote, aliwahi kumbishia mbele yetu.

"Mzee, wageni wamefika. Hiyo pikipiki inawaka, ina tatizo gani?"

"Inawaka, lakini imechoka. Chukua nyingine."

Meneja alichukua nyingine. Katika hilo Mzee hakushindwa hata mara moja, na ndiyo maana injini zetu ziliishi.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Mbeya kuwa fundi msaidizi, na huko ndiko nilikomfahamu vizuri Lazaro, kiongozi wa msafara. Alikuwa Mhehe wa Kilolo, mrefu, mwenye sauti ndogo. Kila akiingia gereji alisema "Kamwene", salamu ya kwao, kwa kila mtu, hata kwa mlinzi aliyesinzia. Hakurusha pikipiki kwenye mashimo, wala hakuingurumisha mbele ya watu. Nilipofungua injini alizoendesha yeye, oili ilitoka safi kuliko za wengine.

Walikuwa viongozi wawili. Mwenzake akaacha kazi, akaenda kulima parachichi kwao. Meneja wa Safari akasema atatafutwa mwingine. Miezi ikapita. Lazaro akawa anafika na msafara mmoja, anakabidhi pikipiki, anapewa nyingine iliyokwisha kuoshwa, na kuondoka na wageni wengine siku hiyohiyo. Nilimwona akinywa chai amesimama, kikombe mkono mmoja, kofia ngumu mkono mwingine.

"Utapumzika lini?" nikamuuliza.

"Akija mwenzangu," akajibu, akacheka kidogo.

Alifariki mchana kweupe kwenye tambarare ya Chimala, akitokea Iringa kwenda Mbeya kuwapokea wageni. Alikuwa peke yake. Kutoka baridi ya Makambako unateremka Usangu, joto linakupokea ghafla na barabara inanyooka. Pale pikipiki yake ilivuka mstari, ikaingia chini ya lori la mizigo.

Tulikuwa hatujarudi kutoka mazishini Kilolo, Meneja wa Safari aliposema sababu imejulikana. "Injini ilijam," alituambia. Maana yake pistoni ziling'ang'ania kwenye silinda, gurudumu la nyuma likafunga, pikipiki ikamshinda. "Hilo ni jambo la gereji." Mzee Sefu, aliyekuwa ameikabidhi pikipiki ile asubuhi ya safari, akaambiwa akae nyumbani. Umri wake wote ulikuwa umeishia katika injini zile. Sasa ilisemwa kwamba mkono wake umeua mtu, na maneno hayo yalifika msikitini kwake na sokoni kabla yake.

Mzee hakubishana. Alipanda basi akaja Mbeya, mahali pikipiki ilipohifadhiwa. Mkaguzi wa magari alipokuja kuitazama, Mzee akaomba kitu kimoja tu.

"Ifunguliwe mbele ya wote. Na afungue Tumaini. Mimi ndiye ninayelaumiwa."

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Fremu ilikuwa imekunjwa kama waya. Upande mmoja wa tangi kulikuwa na kitu nilichokifuta kwa kitambaa bila kukitazama. Injini yenyewe, iliyokingwa na vyuma vya pembeni, ilikuwa nzima. Nilitoa plagi, nikaweka spana kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, nikavuta. Ikazunguka laini, kwa mkono mmoja.

"Endelea," Mkaguzi akasema.

Nikafungua mpaka kwenye silinda. Kuta zilikuwa safi, na mistari myembamba iliyochorwa kiwandani bado ilionekana. Hakuna pistoni iliyong'ang'ania mahali popote. Gia ilikuwa bado kwenye ile ya juu kabisa, ya mwendo wa barabara iliyonyooka; hakuwa ameipunguza.

Mkaguzi akamgeukia dereva wa lori, aliyekuwa ameitwa. Yule baba alikuwa amekonda tangu ajali. "Hakushika breki," alisema. "Alikuja upande wangu taratibu, kichwa kimeinama. Nilipiga honi, nikapiga honi..."

"Kabla ya safari hii alikuwa amelala lini?" Mkaguzi akauliza.

Meneja wa Safari akasema ratiba ameiacha ofisini. Sisi wengine tulijua. Pikipiki zilikuwa zinapokezana. Lazaro hakuwa na wa kupokezana naye.

Mzee Sefu alisafishwa jina, lakini gereji hakurudi. Nilipomsindikiza stendi aliniambia, "Asubuhi ile Lazaro aliniambia macho yanamuuma. Nikampa miwani ya vumbi." Alirudia maneno hayo mpaka basi likaondoka. Kampuni iliajiri viongozi wawili mwezi uleule. Meneja wa Safari aliendelea na kazi yake. Mzee alifariki miaka michache baadaye, nami nikakaa kwenye kiti chake cha Fundi Mkuu mpaka nilipostaafu.

Kwa hiyo nikiulizwa injini hudumu muda gani, nina majibu mazuri kabisa, na siyapendi. Tulijua kila moja imekunywa oili lini na inatakiwa kupumzika lini. Ujuzi ule wote tuliumaliza kwenye chuma.

Baada ya kustaafu nilikwenda Kilolo kumwona mjane wa Lazaro, Mama Neema. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Tulisalimiana, akanipa kigoda, akaendelea na kazi yake muda mrefu.

"Dada Tumaini, ni wewe uliyesema injini ilikuwa nzima."

"Ndiyo, Mama Neema."

"Watu hapa walisema mume wangu alijiua kwa uzembe. Chuma hakina watoto. Ungekiachia lawama."

"Lawama ingebaki kwa mzee mmoja ambaye hakukosa."

Punje zilidondoka kwenye ungo.

"Kwa hiyo kweli alilala?"

"Alilala. Walimchosha, akalala."

"Basi lile lori hakuliona."

"Hakuliona."

"Hakuogopa."

"Hakuogopa, Mama Neema."

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasukuma ungo katikati yetu. Nikachukua hindi, tukapukuchua pamoja.