Kinywa cha Bilali

Baba yangu, Bilali Jumbe, alikuwa mkalimani wa mahakama hapa Mwanza. Hakimu Mzungu akisema "mimi", naye alitakiwa aseme "mimi", kana kwamba yeye ndiye hakimu.

Mwaka 1956 Sihaba, mjane wa mtaa wa Mirongo, alimshtaki tajiri aliyembomolea nyumba ili ajenge ghala. Hakimu akamtazama Sihaba, hakuona damu, akasema hakuna aliyedhuriwa. Mtu amelala nje wiki tatu na watoto, ati hakudhuriwa.

Baba alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza, anaifunua kila jioni. Alijua kitenzi alichotumia hakimu, "injure", kimetoka Kilatini, na maana yake ya kwanza ilikuwa kumtendea mtu pasipo haki. Maana ya damu ilikuja baadaye. Wazungu wenyewe ndio walioandika hivyo.

Sihaba alikuwa akimtazama Baba, anangoja. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, Baba hakusema "mimi" kwa niaba ya hakimu.

"Mama, yeye anasema hukudhuriwa. Mimi naona umedhuriwa."

Alifukuzwa siku ileile.

Baada ya uhuru watu wa mahakama walikuja kumwomba arudi. Aliuliza kama Sihaba amerudishiwa kiwanja chake. Wakasema ile kesi ilishakwisha. Baba akawaambia wamtafute mtu mwingine wa kumwambia Sihaba hivyo.