Vidonge vya Vidonda vya Tumbo

Kwetu na kwa watu wa El Salvador ni mamoja: kichwa kikiuma unasema, kinachouma ndani ya kichwa unakifungia. Mimi nilikuwa nameza vidonge vya huzuni, na mama yangu kule Morogoro nilimwambia ni vya vidonda vya tumbo.

Katika makao ya wazee Rockville, Marekani, nilifanya kazi na mama mmoja kutoka El Salvador. Nilimwita Mama, naye akaniita mija, yaani mwanangu. Mama yake mzazi alipofariki hakwenda kuzika, maana angetoka Marekani asingeruhusiwa kurudi. Alisali siku tisa kama desturi yao, kisha usingizi ukamkimbia. Kazini akawa anakunja shuka lile lile mara tatu.

"Kamwone daktari, Mama," nilimwambia.

"Waseme nina wazimu? Nimechaguliwa mama wa ubatizo. Mwenye wazimu hapewi mtoto wa watu."

Kliniki moja ikaweka meza nje ya kanisa lake, na bango lenye herufi kubwa za Kihispania: Afya ya Akili. Nilijitolea kusaidia. Waumini walitukwepa wakazungukia maegesho ya magari kana kwamba tuna ndui. Jumapili iliyofuata nesi akasukuma bango chini ya meza, akaleta mashine ya presha. Foleni ikajaa. Mkono ukiwa umebanwa, nesi aliuliza polepole: unalala?

Mama alikuja Jumapili nne. Presha nzuri. Unalala? "Kama mtoto mchanga." Nyuma yake kila mara alisimama yule mwanamke aliyemchagua awe mama wa ubatizo, mwanawe kiunoni.

Jumapili ya tano nilimfungulia mkanda wa mashine, akakataa kukunja mkono wa blauzi.

"Weka hiyo, mija. Mkono wangu mzima." Akamgeukia nesi kwa Kihispania, na Kihispania changu cha miaka miwili ya kukunja naye mashuka kilitosha. "Silali. Tangu mama afe silali. Niandikie daktari wa kichwa."

Foleni nzima ikageuka.

"Dada," akanong'ona mwenye mtoto, "tuyaongee nyumbani."

"Nyumbani nimeongea na kuta. Ukitaka mama mwingine wa ubatizo, chagua. Wamejaa hapa."

Mwenye mtoto akaondoka kwenye foleni. Mama akaweka sahihi kwenye fomu ya kumwona daktari, kisha akainama akalivuta lile bango.

"Mmelifichia nini? Shika upande huo."

Tukalisimamisha. Wengine wakaanza kuzungukia maegesho.

"Wazunguke," alisema. "Viatu vitakavyolika ni vyao."

Mtoto alibatizwa mikononi mwa mwanamke mwingine. Mama alikaa benchi la mbele na gauni jeupe aliloshonesha kwa siku hiyo, usiku uliotangulia akiwa amepata usingizi wa saa sita mfululizo, akaimba kuliko wote.

Nilitoka pale nikampigia mama yangu. Akauliza, kama kawaida, tumbo linaendeleaje.

"Tumbo langu zima, Mama," nikamwambia. "Kaa kitako nikueleze."