Mwalimu Lameki na Mukago wa Mushumbusi

Lameki Lwakatare alikuwa na sauti nzuri, kanzu moja, na hofu moja kubwa: kurudi Kemondo. Kule bandarini alibeba magunia ya kahawa miaka sita, kutoka ghalani hadi melini, mpaka shingo ikazama mabegani na isitoke tena. Walutheri walipomfundisha kusoma na kumpa kazi ya uinjilisti Ijuganyondo, aliapa kwamba yeye na gunia basi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba akizijulisha familia habari za Yesu. Wenyeji walimpokea vizuri, vizuri kupita kiasi. Walimpa kahawa ya kutafuna, walimpa panzi wa senene wakati wa senene, wakamsikiliza hadi mwisho, wakamshukuru na kumsindikiza mpaka ukingoni mwa kibanja, shamba lao la migomba. Baada ya miaka mitatu Lameki alikuwa amenenepa, na hakuna hata mtu mmoja aliyejiandikisha kwa ubatizo. Ndipo Mchungaji Nathanael, mtu wa Kibeta asiyejua kucheka, alipomwandikia barua fupi: nitakuja Pentekoste, nisipokuta hata familia moja, utarudi ulikotoka.

Lameki akakimbilia kwa mzee Mushumbusi, mwenye mke, watoto wanane na dada mjane.

"Tata," alisema, kama Wahaya wanavyomwita baba, akiwa bado anahema, "Yesu alitoa damu yake kwa ajili yako."

Maneno hayo alikwisha kuyasema katika kila nyumba ya Ijuganyondo, na hapo kwa Mushumbusi mara nne. Lakini safari hii mzee aliacha kutafuna kahawa.

"Damu yake mwenyewe? Kwa ajili yangu mimi?"

"Kwa ajili yako, tata."

"Na yangu alipewa lini?"

Darasani Lameki hakufundishwa swali hilo. Wahaya wa siku zile, wanaume wawili wakitaka kuwa ndugu, walikula mukago. Kila mmoja alijichanja karibu na kitovu, akapaka damu kwenye punje ya kahawa, na mwenzake akaimeza. Tangu siku hiyo ni munywani wako, ndugu wa damu, mpaka kaburini: nyumba yake ni yako, adui yake ni wako, na ukimkana tumbo linavimba, unakufa. Lakini mukago wa upande mmoja hakuna aliyewahi kuusikia.

"Hakuna haja, tata. Yeye alitoa bure."

"Bure? Ameniona mimi sina damu?" Mushumbusi alisimama. "Kokwijuka! Lete kisu na kahawa!" Mkewe akaja navyo mbio. "Sasa sikiliza, mwalimu. Yeye kama yuko mbali, wewe uliyetumwa naye uko hapa. Utameza kwa niaba yake. Hutaki, habari zako zipeleke Kibeta."

Lameki aliliona gunia la kahawa mbele ya macho yake, jipya, limejaa. Akafumba macho, akafungua mdomo. Punje ikakwama kooni, yule dada mjane akampiga ngumi ya mgongo, ikapita.

Jumapili iliyofuata Mushumbusi aliingia kanisani na watu wake wote, na mkeka, na chungu cha ndizi, kwani nyumba ya munywani ni nyumba yake. Akakalia kiti cha Mchungaji. Aliyesinzia alionja fimbo yake. Aliyekohoa wakati jina la munywani linatajwa alitolewa nje. Watu wakaanza kuja kwa wingi, wengine kwa ajili ya Neno, wengi kwa ajili ya Mushumbusi.

Kisha Lameki akasoma habari za kukamatwa kwa Yesu. Mzee alitoka katikati ya somo, akarudi na mkuki.

"Waliompiga wanakaa wapi? Muleba?"

"Mbali sana, tata. Na ni zamani."

"Na ndugu zake waliokula naye walikuwa wapi?"

"Walikimbia. Mmoja alisema hamjui."

"Tumbo lake halikuvimba?"

"Halikuvimba. Alilia tu."

Mushumbusi akakaa chini, mkuki magotini, akalia kwa sauti mbele ya watoto wake, na ibada ikaishia hapo. Lameki alikuwa ameisoma sura ile mara nyingi, tena kwa sauti yake nzuri, na hakuwahi kumwona mtu akiihuzunikia. Aliona haya, ingawa hakujua ya nini.

Pentekoste ikafika, na Mchungaji Nathanael akaja kwa baiskeli. Alikuta kanisa limejaa hadi mlangoni. Akawaita Mushumbusi na watu wake mbele, akafungua daftari, akaanza kuuliza. Amri walizijua. Baba Yetu waliijua.

"Na Yesu ni nani?"

Mushumbusi akafunua shuka, akaonyesha kovu. "Ni munywani wangu."

Mchungaji aliweka kalamu chini polepole. "Na damu yako alimeza nani?"

Macho ya watu yakamwendea Lameki. Mchungaji akageuka. "Mwalimu Lameki, unaijua habari hii?"

Gunia likaja tena, na safari hii Lameki alilisikia hata harufu.

"Siijui, Mchungaji. Na mzee huyu mwenyewe simjui sana."

Kokwijuka akaziba mdomo. Watoto wote wanane wakalikodolea macho tumbo la Lameki, wakingoja. Mushumbusi naye alimtazama, bila hasira hata kidogo.

"Mwalimu amesema kweli," alisema. "Nilijimezea mwenyewe."

Ulikuwa uongo wa wazi kabisa, na mzee aliutamka akiwa amekaza shingo, kwa sababu munywani hamsaliti munywani wake. Lameki akashika tumbo. Angeapa kwamba lilikuwa linavimba.

"Nilimeza mimi!" alipiga kelele. "Ilikwama, nikapigwa mgongoni, ikapita! Namjua! Nimekula kwake miaka mitatu, namjua!"

Mchungaji akachukua kalamu. Familia aliiandika, kwa kuwa maswali mengine yote ilijibu sawasawa. Mwinjilisti akamfuta.

"Jumatatu," alisema, "Kemondo."

Jumatatu asubuhi Lameki alitoka na kanzu yake kwenye furushi. Alikuwa na huzuni, lakini tumbo lilikuwa limetulia. Pale njia inapoachana na kibanja cha Mushumbusi alikuta watu kumi na mmoja wamekaa kwenye majani, wana mkeka, chungu, mbuzi na mkuki.

"Mnakwenda wapi, tata?"

"Mara ile ya kwanza, munywani wangu alipokamatwa, sikuwepo," alisema Mushumbusi, akiinuka na kujitwika mkeka. "Hayo magunia yana uzito gani?"