Chetezo Kwenye Banda la Sungura

Kwa nini mama ale wanawe, sijui hadi leo. Nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo, Ganjoni, nikimnunulia paka wangu dawa ya minyoo, pale mwanamke mmoja alipofungua leso. Ndani mlikuwa na vijiguu vitatu vya sungura wachanga. Nilirudi nyuma.

"Amewala wote saba," alisema. "Mume wangu yuwanoa kisu, amchinje leo."

"Maji alikuwa nayo?" muuzaji aliuliza.

"Tele."

"Kuna aliyemsumbua?"

Mama mkwe wake, aliyekuja naye, alijibu kwa fahari: "Hata! Mimi nilimpandishia chetezo bandani kule darini, nikamfukiza udi, kama mzazi yeyote."

Muuzaji alimgeukia. "Bibi, moshi kwenye kiota? Sungura humjua mwanawe kwa harufu."

"Basi ni mimi?" Alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Huenda. Au joto la darini."

Wajukuu wake nadhani aliwafukiza vivyo hivyo, wala hakuna aliyeliwa. Wakaafikiana sungura aachwe azae tena, chetezo kisipande darini. Bibi mwenyewe akampigia mwanawe simu:

"Weka hicho kisu. Mwenye makosa ni mamako."