Bi Pole wa Dirisha Namba Tatu

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Shangazi alifungua friza, akatoa vijiko viwili vya chai vilivyogandia humo, akaviweka chini ya macho na kukaa kwenye kiti cha jikoni, kidevu juu, kama mtu anayenyolewa ndevu.

"Wifi," mke wa kaka yake alikuwa akimwambia, "vijiko vyangu vilikuwa sita. Viwili umevigeuza miwani. Wageni wakija, wawili watakoroga chai kwa vidole?"

Shangazi alibana midomo, maana angecheka vijiko vingeanguka. Alipovitoa alikimbilia kioo cha bafuni. Vile vishimo chini ya macho vilikuwa palepale, ila vimepoa.

Hakuwa mgonjwa. Alilala usingizi wa pono, alikula akashiba, na mume wa kumkoromea hakuwa naye. Macho yake yaliingia ndani tangu usichana, kama ya marehemu baba yake, na kila mwaka yalizidi kuingia, kana kwamba kuna kitu yamekiangusha huko. Watu asiowajua walimpa pole kwenye ngazi, dukani, mlangoni mwa benki. Pole ya nini, hakuna aliyesema.

Kazini, hata hivyo, macho hayo yalikuwa mali. Alikaa dirisha namba tatu la idara ya maji, dawati la malalamiko. Mtu alikuja amefura, ndoo tupu mkononi kama ushahidi, akipiga kelele tangu getini. Akifika dirishani na kumwona Shangazi, sauti inakatika.

"Basi, dada... Hata kesho si mbaya. Pole sana."

Ndiyo maana wenzake walimwita Bi Pole. Kioo cha dirisha namba mbili kilikwisha kuvunjwa mara mbili. Cha namba tatu hakijawahi hata kupigwa kofi.

Basi yakaja mahafali ya binti wa kaka yake, wa kwanza katika ukoo kuvaa joho. Shangazi alishona gauni la rangi ya machungwa na kupiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Picha zilipotoka, jirani alizipitia moja moja, akaweka kidole juu ya gauni la rangi ya machungwa.

"Huyu maskini amefiwa na nani?"

Wiki hiyohiyo Shangazi alitangaza kwamba anakwenda kwa daktari wa ngozi kujazwa vishimo kwa sindano. Mwenzake wa dirisha namba mbili alishika kichwa.

"Bi Pole, ukiviziba hivyo, watakurarua mchana kweupe! Kinga yako ni hiyo."

"Na wewe mbona huna kinga na bado uko hai?"

"Niko hai kwa kukimbia."

Maneno hayo yalimkaa Shangazi rohoni. Hata hivyo siku ilipofika alikwenda, akiwa na yule binti mwenye joho, msichana wa vitabu ambaye akiongea na watu wanne hutaka kupumzika. Binti alibeba kurasa kumi na moja alizosoma na kuzipigia mistari. Shangazi alibeba fomu ya malalamiko ya idara ya maji, maana hakujua namna nyingine ya kuongea jambo likaeleweka.

Daktari alimlaza kitandani, akamgusagusa chini ya macho, akamwambia aangalie juu, kisha akaweka mabomba mawili ya sindano mezani. "Hii ni jeli laini, hukaa miezi kadhaa. Hii nyingine ni nzito, hukaa miaka."

"Ngoja kwanza." Shangazi alichomoa kalamu. "Tatizo: vishimo. Tangu lini: usichana. Sasa, daktari, ikivimba, au ikikaa upande, hatua gani inachukuliwa?"

"Laini naweza kuiyeyusha kwa sindano nyingine. Nzito haiyeyuki."

"Na hatari yake kubwa?"

Daktari, ambaye hakuzoea kuhojiwa na mtu aliyelala chali, alijikohoza. "Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kudhuru ngozi, hata macho. Ni nadra, lakini ipo. Ndiyo maana naweka kidogo kidogo."

Binti alitikisa kichwa kukubali; hilo lilikuwa kwenye ukurasa wake wa saba.

"Basi nzito irudishe kabatini," alisema Shangazi. "Sisi wa idara ya maji, bomba lisilo na koki ya kufungia hatuliungi, hata mkubwa apige simu. Weka laini, na uweke nusu. Na hapa utie sahihi."

Daktari alitia sahihi.

Baada ya wiki mbili uvimbe ulikwisha, na Shangazi akaketi dirishani na uso uliotulia kama wa mtu aliyetoka likizo. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mwenye ndoo. Alimtazama, akavuta pumzi.

"Unang'aa hivyo! Wewe kwenu maji yanatoka, siyo?"

Ndoo ikatua kwenye kaunta kwa kishindo. Wa pili alidai aitiwe mkubwa wake. Wa tatu alidai mkubwa wa mkubwa wake. Binti, aliyemletea shangazi yake chakula cha mchana, alifika wakati mama mmoja anakipiga kioo makofi na wa dirisha namba mbili anamwonyesha Shangazi mlango wa nyuma kwa kidole. Shangazi hakukimbia. Alijaza fomu, moja baada ya nyingine, mpaka saa ya kufunga.

Jioni jikoni wifi yake alifungua droo, akahesabu vijiko. "Sita! Karibuni, wageni!"

Shangazi alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni, sauti imemkauka tena. Binti alikaa karibu naye, akahangaika na ukingo wa kitabu.

"Shangazi, mbona hukuyaacha tu macho yako kama yalivyokuwa?"

"Siku ya mahafali yako nilifurahi, mwanangu, na hakuna aliyejua."