Ng'ombe Walikunywa Kwanza

Kila asubuhi Mzee Jaldesa wa Chechelesi, mlinzi wa ofisi yetu, alijaza debe la maji akaliweka nje ya lango lake, kikombe juu. Apite Mmeru, apite Mturkana, anywe. Majirani walisema ni sadaka. Mimi, karani Kang'ethe nisiyejua kunyamaza, nilimtania kwamba anatafuta pepo kwa debe. Hakucheka.

Sababu niliijua mwaka wa 1978, alipofika mzungu mmoja mzee kutoka Uingereza. Mwaka wa 1940 kaka yake alikuwa rubani wa ndege ya vita, ile ya kiti kimoja. Waitaliano waliipiga huko mpakani, akajikokota nayo hadi ikamwangusha upande wa Kinna. Jeshi lilimtuma Jaldesa, kijana hodari wa kufuata nyayo, naye akampata amekwisha kufa. Sasa ndugu alikuja kumshukuru, na mimi nikaitwa nitafsiri.

Jaldesa alieleza polepole. Siku ya pili ya kumtafuta rubani alizikuta nyayo za buti, mbichi kabisa, mguu mmoja ukiburutwa. Lakini siku hiyo ilikuwa zamu yake kisimani, na kwao Waborana ukikosa zamu unangoja siku tatu tena. Ng'ombe walikuwa wakilia. Alijiambia kwamba rubani hakosi chupa ya maji. Akarudi, akanywesha mpaka jioni. Kesho yake alimkuta chini ya mgunga, mwendo mfupi tu kutoka pale alipoziacha nyayo, mwili bado laini. Chupa ilikuwa imetobolewa na risasi.

"Kwetu mtu mwenye kiu anakunywa kabla ya ng'ombe," alisema. "Mwambie mimi nilinywesha ng'ombe kwanza."

Mzungu alinitazama, akingoja. Ulimi hauna mfupa. Nilimwambia mzee anasema alitembea siku tatu bila kupumzika, akachelewa kidogo tu. Tena nilijiona mwema, mjinga mimi. Mzungu akalia, akamshika Jaldesa mikono yote miwili.

Jaldesa akanigeukia. "Umemwambia yote?"

"Yote, mzee."

"Na bado ananishika mkono?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Siku iliyofuata debe halikuwa langoni. Mzee alianza kucheka na watu, hata akawa ananitania mimi. Mara tatu nilikwenda kwake nikiwa nimekata shauri kusema ukweli, na mara tatu nilikula chakula chake nikarudi nyumbani. Alifariki mwaka wa 1983, moyo mweupe, akijua amesamehewa. Hakuna aliyemsamehe, na aibu hiyo ni yangu.

Mkewe, Qabale, huniletea kibuyu cha maziwa kila Ijumaa, kwa sababu nilimtua mumewe mzigo. Hata jana alileta. Nimeyanywa.