Finjani Iliyotikiswa

Nakumbuka asubuhi moja huko Matrah, Omani, tulipokuwa tumehamia karibuni kutoka Unguja: niliusikia mlio wa finjani zikigongana sebuleni kwa Bibi, kabla sijamwona aliyezishika. Nikakimbilia ndani! Ami Seif, mdogo wake baba, alikuwa amekuja kutoka Kuwaiti, alikokuwa akifanya kazi kwenye kompyuta, na alasiri ile angerudi. Baba alishasema: nikimridhisha Ami, ntafuatana naye nikasome. Nisipomridhisha, nabaki. Na Maskati siku zile, mwanangu, msichana kama mimi hakuwa na skuli.

"Kuna lugha mpya ya kuiamrisha mashine," Ami alisema, macho yakimeremeta. "Si ya hesabu tu, wala ya ofisi tu. Ya kazi zote! Haya, mimi ndiyo mashine. Sina akili, nna utiifu. Niamrishe nimpe Bibi kahawa."

Nikaandika kwa chaki sakafuni: Mimina. Mgeni anywe. Rudia.

Ami akamimina, Bibi akanywa. Akamimina, akanywa. Bibi akaitikisa finjani. Ami akamimina vilevile. Akaitikisa tena, kwa nguvu, kahawa ikamwagika mkekani.

"We Seif, umerogwa? Si nimetikisa!"

"Sikuambiwa, Mama. Muulize bibie wa Unguja."

Nikatoa macho. Kwetu Unguja mgeni akitosheka husema basi, yakaisha. Nilikuwa mgeni Omani; sikujua kwamba kule finjani ikitikiswa ndiyo imesema basi. Kumbe! Nikafuta, nikaandika upya: Kabla ya kumimina, tazama. Finjani imetikiswa? Simama. Haikutikiswa? Mimina, anywe, kisha rudi mwanzo.

Bibi akanywa, akanywa tena, akatikisa. Dele la kahawa likaganda hewani mkononi mwa Ami. Nikapiga kigelegele peke yangu!

"Funga mizigo," Ami akasema. "Na mkeka wa watu uuoshe kwanza."

Mwanangu, leo nawe unaanza lugha ya namna ile. Kosea mapema, mbele ya watu wanaokupenda, wacheke, ufute, uandike tena. Kabla hujaiamrisha mashine, kaa na yule itakayemtumikia, ujue kwao basi husemwaje. Na kila unachokianzisha, kiandikie pa kusimama.

Alasiri ile Bibi alinifukiza udi, akanishika kichwa: "Mungu akufungulie kila ulifungualo, akurudishe salama." Nami nakuombea hayo hayo. Nikavuka kizingiti nikicheka na kulia, na Bibi akaufunga mlango nyuma yangu.